Kutu Chini ya Kapeti

Jairus alisomea sheria Nairobi miaka minne, kisha akaja Minnesota kuwaogesha wazee kwenye nyumba ya matunzo huko Golden Valley. Mimi nawaogesha wazee hao hao, zamu ile ile, lakini ugomvi ukizuka kanisani kwetu Saint Paul, anayeitwa ni yeye. Nasema wazi kwamba namwonea wivu. Hata Maureen, mke wangu, humpakulia chapati kabla ya kunikumbuka mimi.

Mwezi wa nne sote wawili tulikuwa tunauza magari, kila mmoja lake. Hategekimana, Mkongo mwenye watoto wanne, alitaka gari la kumfikisha kazini Lakeville, akaanza na la Jairus. Niliwafuata hadi uwanja wa kanisa, nikiomba nimwone mwanasheria wetu akidanganya walau mara moja.

Jairus akainua kapeti miguuni pa dereva. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imeila sakafu hadi lami ikaonekana. Nikamvuta kando, nikamkumbusha kwamba mteja hakuuliza.

“Hiyo hata Warumi wa kale hawakuikubali, Gilbert,” akasema. “Jaji wao hakutazama maneno mliyosema tu. Alitazama nia njema ilidai nini. Ukijua kasoro ukanyamaza, umedanganya.”

Hategekimana hakulinunua. Nilifurahi, tena sana.

Jumamosi akaja kwangu. Hakuinama hata kutazama tairi. Sakafu ya gari langu nayo ilikuwa imelika vilevile, chini ya kapeti mpya niliyoitandika jana yake.

“Sina kitu ya kuuliza, ndugu,” akasema. “Lete tu document nisaini.”

Niliwaza watoto wanne kiti cha nyuma, kwenye barabara kuu, na sakafu ikiachia. Niliwaza pia Jairus akija kusikia, na sijui hadi leo ni wazo lipi lililonisukuma. Nikaivuta kapeti.

Tukatazama lami pamoja. Gari langu nalo likabaki kwangu. Kisha akanishika mkono, akautikisa kwa nguvu.

“Jairus aliniambia, ‘Nenda kwa Gilbert, hawezi kukuficha kitu.’ Vraiment, alisema kweli.”

Nilitabasamu huku roho ikiniuma. Siku moja katika maisha yangu nimekuwa mwaminifu kwa hasara yangu mwenyewe, na sifa ikaenda kwa Jairus.