Vidonge vya Mjomba Pini

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani, na sisi watoto wa dada yake tulimwita Mjomba Pini. Mchana kutwa midomo yake ilibana pini. Akitaka kukutania, alikutania kupitia puani.

Mwaka alioposwa binti yake, kitinda mimba, kifua kilianza kumbana. Daktari akamwandikia vidonge vidogo vya kulegeza mishipa inayolisha moyo. Mtoa dawa akausukuma mfuko dirishani.

"Ukibanwa, kimoja mdomoni, mzee. Anayefuata."

Basi. Mtu anakabidhiwa moyo wake kwa maneno matatu, halafu tunaita hiyo huduma.

Lakini mdomo wa mjomba ulikuwa na kazi. Alikuwa ameapa kulishona gauni la harusi mwenyewe, hadi pindo la mwisho. Kila alipobanwa alitoa pini, akameza kidonge kwa chai, akarudisha pini.

"Hiyo dawa inakusaidia kweli?" mkewe aliuliza, akimwona anafuta jasho.

"Inajivuta kama wewe ukijiandaa kwa safari."

"Rudi hospitali, baba watoto."

"Nikimaliza pindo."

Alikuwa amepiga magoti akilizunguka gauni pale maumivu yaliposhuka mkono wa kushoto. Akameza kingine, akasubiri. Akazidi kusubiri, mpaka pini zikamwagika sakafuni naye akaziangukia. Mkewe na majirani wakamkimbiza hospitali.

Wodini nesi akamweleza kwa utulivu lile alilopaswa kuambiwa dirishani. Kidonge kile huwekwa chini ya ulimi kiyeyuke, kiingie kwenye damu moja kwa moja, mishipa itanuke. Kikimezwa, ini hukiua nguvu kabla hakijaufikia moyo.

"Kumbe nilikuwa nalilegeza ini," mjomba akasema. Nesi akacheka. Yeye hakucheka. "Na ulimi ulikuwa humu humu siku zote."

Sehemu ya moyo wake ilikuwa imekufa. Mikono ilibaki mizima, ila pumzi ya kukanyaga cherehani iliisha. Pindo lilimaliziwa na fundi jirani, yule ambaye mjomba alizoea kusema anashona magunia.

Siku ya harusi binti alimpitia kwanza baba yake. Mjomba aliinama kitini, akalishika pindo, akaufuata mshono kwa kidole.

"Kashona vizuri," alisema.

Hakuliachia. Binti akasimama pale pale, gari likipiga honi nje.