Ujumbe Uliomfikia Mama Mkwe

Jamani, nicheke mimi kwanza. Nina kampuni ndogo ya kusafisha nyumba hapa Likasi. Juzi nilikuwa nachagua programu ya simu ya kutunza wateja, ile inayowakumbusha yenyewe siku ya usafi. Niliogopa kuijaribu kwa wateja wa kweli. Nikajiona mjanja, nikaweka namba ya mama mkwe, kwa sababu yeye hajui kusoma.

Programu ikaandika: “Mama, nyumba yako imechafuka. Tuite kabla wageni hawajaona.” Ujumbe ukafika palepale. Nikafurahi, nikaichagua hiyohiyo.

Kwetu, watu wa asili ya Kasai, mama mkwe hutazamani naye machoni, sembuse kumwambia ni mchafu! Jumapili, baada ya misa, mke wangu na mimi tukaenda kula bukari, ule ugali wetu, kwake. Uani wanawake wa parokia waligeuka wote kunitazama. Mmoja, mwenye miwani, alikuwa bado ameshika simu ya mama mkwe.

Mwenyewe akatoka salon, yaani sebuleni, na ndoo na ufagio, akanipa kwa mikono miwili, akitabasamu.

“Mukwe wangu, karibu. Bukari iko tayari, lakini bageni bamekwisha kuona. Anzia ku salon.”