Friji ya Bia ya Clem

Tangu aolewe, na hata baada ya mumewe Clem kufariki, Noelene Trezise wa Elizabeth, kaskazini mwa Adelaide, hakuwahi kufua mchana. Enzi za umeme wa serikali, wa usiku ulikuwa wa bei ya chee. Serikali ikauza, kampuni zikazaliana kama sungura, kila moja na bei yake. Noelene akabaki na saa zake. Watu wakilala, mashine yake ndiyo inaanza kunguruma. Jirani yake Stavros alifua saa sita mchana, na Noelene alimwona punguani.

"We mzee, una kisima cha umeme humo ndani?" Noelene alizoea kumrushia maneno juu ya ua.

"Nina akili, mama. Jaribu na wewe."

Ikaja bili ya umeme ya kiangazi. Noelene aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Zaidi ya mara mbili ya mwaka jana! Mtuhumiwa alikuwa mmoja tu: friji ya bia ya Clem kule bandani, kuukuu, inayotetemeka kama ina homa. Ndani mlikuwa na chupa alizozipanga marehemu kwa mkono wake, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Noelene alilia kidogo, kisha akamwita Stavros aje aichukue.

Stavros akaja na toroli. Akainama kuchomoa waya, akasita.

"Hebu kwanza. Kwani bado unafua usiku?"

"Usiku, kama mtu mwenye adabu."

"Mungu wangu. Walipokubadilishia mita mwaka huu, hawakukwambia?"

"Waliniachia makaratasi. Nani anasoma makaratasi ya wezi?"

"Bei nafuu iko mchana sasa, dada. Mapaa yote haya yana sola, umeme wa mchana hawajui wautie wapi. Jua likizama wanakukamua mpaka katikati ya usiku."

Noelene akashika mlango wa banda. "Usiku? Usiku ndio ghali?"

"Ndio ghali."

"Na wewe kila usiku unaisikia mashine yangu, umenyamaza!"

"Nilidhani umeshinda bahati nasibu."

Noelene hakucheka. Aliitazama friji ya watu, aliyotaka kuitupa kwa kosa lisilo lake, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Rudisha toroli lako," akasema.

Kesho yake, saa sita kamili mchana, Noelene alianika mashuka juani huku akiangalia huku na huku kama mwizi wa kuku.

"Mama!" sauti ya Stavros ikapaa ng'ambo ya ua. "Una kisima cha umeme humo ndani?"