Mlango Wazi Juu ya Barafu

Mjukuu wangu Sardaana ameniganda niandike habari za dereva wa lori la mafuta, na anajua mimi na kalamu hatupatani. Haya. Mtu huyo hunywa supu mezani kwangu huku injini inanguruma dirishani, maana akiizima kwenye baridi hii haiwaki tena. Vidole vyake vimeungua ncha kwa jalidi. Kila anapovuka mto Lena ulioganda huutupia chapati yangu ya kwanza kama sadaka, nyingine anakula, wala hajawahi kuzisifia.

Juzi alinipakia, anivushe ng'ambo kwa binti yangu aliyejifungua. Tulipoingia kwenye barafu akanifungua mkanda, akausukuma mlango wangu ukabaki wazi. Nikaufunga. Akaufungua.

“Kijana, unataka kuniua kwa baridi?”

“Barafu ikipasuka, bibi, mlango uliofungwa haufunguki.”

“Nilivuka hapa kabla hujazaliwa.”

“Kwa farasi. Farasi wako alibeba tani ishirini?”

Nikaufunga tena. Akaufungua tena bila kunitazama, akaendesha taratibu kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Barafu ililia chini yetu njia nzima. Ng'ambo akaufunga mwenyewe, akanifunga mkanda, akamimina chai, nusu ikamwagikia magotini.

“Sasa nitukane,” akasema.

Nikamfuta chai magotini bila tusi hata moja, jambo ambalo Sardaana haliamini. Basi wewe unayesoma, ukipanda lori lile, acha mlango wazi hata ukilia, kisha muulize kwa niaba yangu kama chapati zangu ni tamu.