Siku Mwalimu Alipotuuliza Sisi

Mjukuu wangu akinyunyizia maji uani kabla ya kufagia, harufu ya vumbi lililoloa hunirudisha Kabungu, kule Mpanda, kwenye darasa letu la udongo na nyasi, miaka ya hamsini. Nilikuwa darasa la tatu. Shule niliyoijua mimi, mwalimu anauliza, mtoto anajibu, na ukikosea unachapwa.

Kisha akaja Mwalimu Anselmi, kijana mwembamba asiyeisha kukohoa. Asubuhi moja alikaa kwenye benchi letu, katikati yetu wasichana, akasema, "Niambieni nyie. Shule hii ina ubaya gani?"

Tulinyamaza. Tulijua ni mtego, ila hatukuona umetegwa wapi.

Rafiki yangu Tekla, aliyetoka ng'ambo ya mto, ndiye aliyesimama. "Mwalimu, tukichelewa hatuji. Tunajificha vichakani mpaka wenzetu watoke, ndiyo turudi nao nyumbani."

"Vichaka vile vya mtoni? Na simba je?"

"Simba anaweza asije, Mwalimu. Fimbo ya mlangoni ipo kila siku."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akauliza, "Sasa mnataka tufanyeje?"

Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, jibu ni lipi?"

"Silijui. Ndiyo maana nawauliza."

Nyumbani nilimweleza baba, nikitumaini atanifafanulia. Aliweka jembe chini. "Mwalimu hajui? Basi kesho nakwenda kumwona. Kama hajui, utabaki hapa unisaidie kulima."

Usiku ule nililia, wala sikujua nimkasirikie nani.

Kesho yake baba alifika akatukuta tunabishana. Mvulana mmoja alitaka fimbo ziongezwe, mwingine alitaka wachapwe wavulana tu. Tekla akasema watoto wa ng'ambo wangojane kivukoni waje pamoja, na atakayechelewa aingie akae, halafu achote maji wenzake wakienda kucheza. Mwalimu akakubali palepale.

"Yaani unaongozwa na watoto?" baba aliuliza kutoka mlangoni.

"Njia wanapita wao, mzee wangu. Mimi nalala hapa shuleni."

Baba alimtazama sana, akaondoka bila kuaga. Jioni sikuthubutu kumuuliza lolote. Asubuhi aliniamsha mwenyewe, akasema nisichelewe.

Siku zilizofuata watoto wa ng'ambo walikuja kwa kundi, miguu imelowa, wakipita mlangoni mabega yamekunjwa kwa kungojea fimbo. Haikuja. Benchi letu likajaa hadi tukasukumana. Hata hivyo sikutulia. Kila Mwalimu aliponiuliza neno nilimchungulia usoni, nisijue kama leo analijua jibu au halijui.

Miaka mingi baadaye nikawa mwalimu mimi mwenyewe, kulekule Mpanda. Nikakuta darasa linalonyamaza kila nikiingia. Siku niliyoamua kukaa kwenye benchi lao na kuwauliza kwa nini, nilitamani kengele igongwe kabla hawajajibu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi ile kule Kabungu, aliyekuwa na hofu kuliko wote darasani alikuwa Mwalimu Anselmi, na alibaki amekaa mpaka Tekla akasimama.