Kidole Changu, Wifi na Baba Yetu

Leo nimeibiwa kidole, tena katikati ya sala!

Sala ya jumuiya ilikuwa kwangu hapa Kibondo. Wifi, dada wa mume wangu, akaomba simu yangu atuongozee nyimbo. Nikampa.

Nywila zangu zote ziko kwenye programu moja ya simu. Zamani niliifungua kwa nywila ndefu, nikachoka kuiandika, nikaweka kidole gumba. Eti rahisi!

Tukashikana mikono kwa Baba Yetu, wifi pembeni yangu, macho nimefumba. Tulipofika kwenye kishawishi, nikasikia gumba langu linabonyezwa. Mimi nikadhani ni upendo wa kidugu, kumbe ni kwenye simu!

Sala zikiendelea, akachukua humo nywila ya akaunti yangu ya uhamisho wa walimu, akapekua anavyotaka. Baada ya amina ya mwisho akasimama:

"Tumwombee wifi yangu mwalimu. Ameomba uhamisho arudi kwao Tanga."

Jamani! Mume wangu alikuwa hajui.

Sasa kila mtu ananiuliza kwa nini naikimbia Kibondo. Hata mmoja hajamuuliza yeye aliingiaje! Mwizi hapa ni nani, niambieni.

Mume naye: "Ungeniambia mimi, usingehitaji nywila."

Nimerudisha ile nywila ndefu. Jumuiya ijayo ni kwa wifi. Nitasali macho wazi, mikono kwapani.