Bei Aliyoiacha Mke Wangu

Marehemu mke wangu alikuwa akitembea na sumaku kwenye mkoba. Wanawake wengine hubeba poda na kioo. Yeye alibeba kipande cha sumaku alichong'oa kwenye spika mbovu, akakivalisha soksi ya mtoto kisije kikachubua rangi ya gari la mtu. Kwa kazi alikuwa nesi, lakini alikulia kwenye gereji ya baba yake, ambako magari ya mashindano ya mbio za Pasaka yaliletwa yakiwa yamepondeka. Ukimwonyesha gari alilizunguka kimya, sumaku mkononi, halafu anakutajia bei. Akishataja, basi. Hakuna cha "labda" wala cha "tutaona".

Gari ninalolisimulia aliliona Kakuma mwaka wa 2012, alipopelekwa huko kwa kampeni ya chanjo. Alirudi kwetu Lodwar na vumbi hadi kwenye kope, na kabla hata ya kuvua viatu akasema, "Wewe, nimeona kitu." Kitu chenyewe kilikuwa gari la spoti la Kijapani, milango miwili, pua ndefu, la miaka ya sabini. Lilikuwa limefunikwa turubai katika yadi ya mzee mmoja Msomali mwenye malori. Mzee alilipata zamani kutoka kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, akaliweka pale, akalisahau.

"Yamebaki machache sana," mke wangu alisema. "Watu wa Nairobi wanayatafuta kwa tochi."

Nilimwuliza gari la kukaa chini namna hiyo litapita wapi, na barabara zetu hizi. Akanicheka mpaka akakaa kitini. "Si la kupita popote. Ni la kuwa nalo."

Tukiwa tunakula akanifundisha bei yake, nikitaka nisitake. Kwingine, alisema, gari la zamani unalikagua kutu kwanza, sakafuni na chini ya milango, kwa sababu bodi ikishaoza umenunua hasara. "Lakini jua la huku halili chuma, linakula mpira. Mipira ya milango, paipu, tairi, vyote vimekufa. Hivyo tutanunua vingine. Bodi kama ile hatupati tena." Alikuwa amelala chini ya gari akasoma namba, akakuta injini ni ileile liliyotoka nayo kiwandani. Hilo lilipandisha bei. Kilichoishusha ni pua, upande wa kushoto, ambako rangi iling'aa tofauti kidogo. Pale liliwahi kugonga kitu. "Ndiyo maana nasema laki tatu. Bila hiyo pua ningesema nne."

"Na mzee akikubali mbili?" nikauliza.

Akaweka kijiko chini. "Mbili ni wizi. Yule mzee hajui ana nini pale. Utaliendesha kwa raha gani, na umelipata kwa sababu mwenzako hakujua? Laki tatu. Isizidi, isipungue."

Hatukwenda. Kwanza hatukuwa na hela, halafu akaanza kuumwa, halafu yakawa mambo ya haraka. Nilimpeleka hospitali kubwa huko Kenya, maana watu wa Lodwar kila kilicho ng'ambo ya Kapenguria wanakiita Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Nilirudi peke yangu.

Natarajiwa kusema nilihuzunika. Sikuhuzunika. Nilikufa ganzi, mwili mzima, na nikaendelea kwenda kazini. Akina mama wa kikundi cha Nawoitorong waliniletea chakula nikala. Wangeniletea sabuni ningekula pia. Ofisini walinipa mkono wa pole mara moja, kisha wakaanza kunikwepa, utadhani ujane unaambukiza. Aliyeniuliza hali nilimjibu "ejok", yaani nzuri kwa Kiturkana, na huku ejok inatosha kwa kila kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema "ametutoka", au "mwenzangu amepumzika". Neno lenyewe sikulitoa mdomoni.

Mwaka uliofuata nikatoa akiba yetu benki. Kaka yangu alinipigia simu akifoka. "Gari bovu? Kakuma? Umerogwa wewe!" Nikamwambia huenda. Sikuwa na hamu ya gari, wacha niseme ukweli. Ila katika dunia nzima hicho kilikuwa kitu kimoja tu alichokitaka ambacho bado ningeweza kukifanya, na alikuwa ameniachia bei yake. Nikiikosea bei, hata hicho nitakuwa nimekipoteza.

Na ulikuwa wakati mbaya wa bei. Mafuta yalikuwa yamepatikana Turkana, na kila mtu amepandisha kila kitu: chumba cha kupanga, kiwanja cha mawe matupu, hata mbuzi mwenye mbavu za kuhesabika. Ukilalamika unaambiwa, "Mafuta yametoka, bwana." Mimi ni mtu wa idara ya mifugo, na niliyasikia hayo sokoni kutwa mpaka masikio yakachoka.

Nilidandia gari la ofisi hadi Kakuma. Mzee nilimkuta yadini amekalia tairi, ndevu zimepakwa hina, akimgombeza dereva wake mmoja. Nilipomweleza kilichonileta akanitazama juu mpaka chini.

"Kumbe wewe ndiyo bwana ya yule daktari! Mwanamke ile nalala chini ya gari yangu kama fundi, walahi. Namletea chai, nakataa mpaka namaliza kuangalia. Yeye iko wapi?"

"Hakuweza kuja," nikasema.

Turubai likavutwa. Mbuzi waliokuwa kivulini wakatawanyika, na lile gari likabaki juani, jekundu lililopauka. Kusema kweli lilikuwa zuri. Niliona kwamba ni zuri, jinsi unavyoona kwamba leo ni Jumanne.

Nikatoa sumaku ndani ya soksi yake, nikaanza kuzunguka kama alivyokuwa akifanya mke wangu. Ikashika mlangoni. Ikashika kwenye paa, ikashika nyuma kote. Nikainama chini, nikagonga sakafu kwa kifundo cha kidole. Chuma kitupu, hakuna hata doa la kutu. Mpira wa mlango niliugusa ukamomonyoka kama biskuti. Kisha nikaiweka sumaku puani, upande wa kushoto, ikaanguka mchangani. Chini ya rangi pale palikuwa na putti ya kuzibia palipobonyea, chuma kiko mbali. Basi kila kitu alikuwa amekisema sawasawa. Nilidhani hapo ningesikia chochote moyoni. Nikaiokota sumaku, nikaipangusa mchanga.

Madalali walikuwa wameshajaa. Kakuma ukisimama karibu na kitu dakika chache unapata dalali, na mmoja wao, kijana wa mdomo mrefu, alikuwa tayari ananiita bosi.

"Hapa masikio mingi," mzee akasema. "Bei tunaongea kwa mkono."

Kabla ya malori alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, na hivyo ndivyo wanavyouziana. Mchezo huo nimeutazama sokoni miaka yote, sijawahi kuucheza. Mnashikana mikono, shali inatupwa juu, na mnaongea kwa vidole, watu wasione. Kila kidole kinachobanwa kilikuwa laki moja, mkono mzima tano. Ukikubali unatikisa kichwa. Ukikataa kabisa unautoa mkono na biashara imekufa. Ukiuacha humo bila jibu, maana yake bado unambana mwenzako ashuke.

Akavua shali begani, akaufunika mkono wangu, akaushika wote, akabana. Tano. Mafuta yametoka.

Nilitakiwa kumbana vidole vitatu tumalize. Lakini mkono wake ulikuwa mpana, mkavu, wenye joto, na haukuwa na haraka. Tangu mazishini hakuna binadamu aliyekuwa amenishika zaidi ya salamu. Ganzi ikaanza kunitoka kwenye vidole, kama inavyotoka mguuni ukiwa umeukalia, na wallahi inauma. Sikubana kitu. Sikuutoa mkono.

"Aisee, bosi ni mgumu!" yule dalali akasema. "Haongei!"

Mzee akanikazia macho. Akabana vidole vinne. Nikatazama chini. Akangoja, akapumua kwa pua, akabana vitatu.

Laki tatu. Bei ya mke wangu ileile, mezani, bila mimi kufungua mdomo. Ningetikisa kichwa tu ningekuwa nimemfanyia alichotaka. Lakini nilijua nikitikisa kichwa, mzee atauachia mkono wangu. Sikutikisa. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, nimesimama juani katikati ya yadi, sitaki kuachiwa mkono.

"Wewe mtu mbaya," mzee akanong'ona. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye hina. Alikuwa ameshakwisha, nilimwona. Vidole viwili, taratibu.

Mbili ni wizi. Nilimsikia kabisa, na kijiko kikiwekwa chini.

Nikaugeuza mkono humohumo ndani ya shali, nikavishika vidole vyake mimi, vitatu, nikabana kwa nguvu.

Mzee akaruka kama ameumwa na nge. "Tatu? Mimi nasema mbili, wewe nasema tatu? Wewe iko mgonjwa?" Siri yote hadharani. Madalali wakaangua kicheko, yule kijana akajishika mbavu. "Miaka yote nauza," mzee akaendelea, "nauza ngamia, nauza lori, sijaona mnunuzi napandisha!"

"Ndiyo bei yake," nikasema.

"Nani nasema?"

"Mke wangu. Alisema tatu. Alisema mbili ni kukuibia."

Akalitazama gari, akanitazama tena. Uso ukamlegea, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyo ndiyo najua kununua. Wewe hapana. Kwa nini nakuja wewe? Lete yeye, anywe ile chai yake. Yeye iko wapi?"

"Amekufa," nikasema.

Kicheko kikakatika. Lilikuwa neno dogo tu, na nilikuwa nimelikwepa tangu hospitalini. Mzee akasema innalillahi kwa sauti ya chini. Machozi yakaanza kunitoka, mbele ya madalali wote wale, na sikuona aibu. Nikauvuta mkono wangu kutoka kwenye shali, maana bei tulikuwa tumeshamaliza.

Mzee akaufuata, akaurudisha chini ya shali, akaushika wote, na hakubana kidole hata kimoja.